Herufi ya Nzau

Kwetu Rukanga, mtoto akiacha mpira katikati ya mechi kwa sababu timu yake imefungwa mabao matatu, wenzake humwambia amefanya Nzau. Mtu akitoboa siri ya chama, amefanya Nzau. Jirani akiahidi kuja kusaidia kuvuna pojo kisha asionekane, huyo naye amefanya Nzau. Nilikua na neno hilo mdomoni na sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipojua kwamba Nzau ni mtu, kwamba yu hai, na kwamba anaishi Birikani hapa Voi, mwendo wa dakika kumi kutoka chumba nilichopanga.

Aliyenijulisha ni Elsie. Huyu ni msichana wa Wundanyi aliyesomea kutengeneza filamu Nairobi, akarudi nyumbani na kamera moja, kompyuta moja na maneno mengi. Alikuwa anatengeneza filamu ya kweli, si ya kuigiza, kuhusu mgomo wa Kichakani, yale machimbo ya mawe ya kijani chini ya mlima Kasigau ambayo sasa yamebaki mashimo na mabati yenye kutu. Mwaka wa 1999 handaki liliwaangukia wachimbaji wawili, Festus na Sylus, wakafa. Wenzao wakagoma wiki saba. Walidai vitu viwili tu: magogo ya kushikilia paa la handaki, na mlango wa pili wa kutokea. Hawakupata hata kimoja. Mgomo ulivunjika, miaka minne baadaye kampuni ikafunga ikaenda zake, na mpaka leo kuna watu kwetu ambao hupishana njiani kila mmoja akitazama upande wake.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno yanayopita chini ya picha, kwa sababu sauti za kanda za zamani hazikuwa safi. Elsie aliniuliza kwa nini anipe mimi kazi hiyo. Nilimwambia hakuna mtu Taita Taveta nzima anayesikia Kiswahili kunishinda.

"Unajisifu," alisema.

"Nakupa habari tu."

Alicheka, akanipa hedifoni.

Chumba chake kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mkabala na soko la Voi. Joto lilikuwa la kukaanga. Chini walikuwa wanakata vyuma, na kila nilipotaka kusikia neno la marehemu fulani ilinibidi ningoje msumeno unyamaze. Kanda yenyewe ilikuwa imepatikana katika kabati la kanisa. Wakati wa mgomo, kamati ilimwita mpiga picha za harusi kutoka Voi arekodi mkutano wa kura, ili kampuni isije ikasema watu hawakuamua. Kwa hiyo mkutano wote ulikuwa na maua ya waridi yakizunguka kwenye kingo za picha. Mpiga picha alikuwa amesahau kuyaondoa.

Ilikuwa wiki ya saba. Wanaume zaidi ya mia mbili wamesimama juani, wamekonda, wengine na watoto mabegani. Swali la kura lilikuwa moja: waendelee kugoma au warudi handakini? Wanazungumza watu saba, wanane. Halafu anapanda juu ya pipa kijana mrefu mwenye shati la mistari. Minong'ono inapita. Huyu alikuwa mchimbaji hodari kuliko wote, Mkamba aliyekuja kutoka Makueni akiwa na miaka kumi na tisa, akaoa Rukanga, na ndiye aliyemfukua Festus kwa mikono yake. Kila mtu alitaka kusikia atasema nini.

Niliandika alivyosema:

*Kampuni ni kubwa. Kazi ni ya kwetu. Kaburi pia ni la kwetu. Mimi nasema kitu kimoja tu. Tusigome!*

Nilirudisha nyuma. Tusigome. Nikarudisha tena. Ilikuwa wazi kabisa, ga yenye mwili wake, hata msumeno wa chini haukuifunika. Kwenye picha watu wanageukiana. Mmoja anatupa kofia chini. Mwingine anashuka bondeni bila kungoja kura. Jumatatu yake, watu themanini waliingia handakini, na mgomo ukafa.

"Kwa hiyo huyo ndiye Nzau," nilisema.

"Huyo ndiye."

"Msaliti kweli."

Elsie alikuwa anatafuna karanga akiitazama ile sura juu ya pipa. "Kuna kitu kimoja kinanisumbua," alisema mwishowe. "Nimetazama orodha ya waliorudi kazini Jumatatu. Yeye hayumo."

Wiki hiyo Mzee Obadiah alikuja Voi kurekodiwa. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mgomo, na pia ni kaka yake Teresia, yule mke wa Nzau. Ana miaka sabini na mitatu, na hutembea kana kwamba anaelekea kugombana na mtu. Tulipomwonyesha kipande kile, aligonga fimbo sakafuni.

"Nilimpa dada yangu," alisema. "Nilimpa shamba la kulima. Halafu akapanda pale, mbele ya macho yangu."

"Mzee, mbona hakurudi kazini?" aliuliza Elsie.

"Angerudi kwa nini? Alishakula chake."

"Kuna aliyeona akipewa?"

"Msichana, kitu kama hicho hakifanywi sokoni." Alinigeukia mimi. "Wewe ni wa kwetu, Lewis. Jumamosi filamu hii inaonyeshwa ukumbini Rukanga. Nataka uandike alichosema. Herufi kwa herufi. Usimwongezee, usimpunguzie."

"Nitaandika hivyo hivyo, mzee."

Alipokuwa akishuka ngazi Elsie alinieleza jambo jingine. Teresia alifariki miaka minne iliyopita. Ndugu zake walikuja kuchukua mwili wakamzike kwao, na Nzau akafuata nyuma kwa gari jingine pamoja na binti yake, Mumbe. Walipofika Maungu, pale barabara ya Kasigau inapoachana na lami, Obadiah alisimamisha msafara akashuka. Alimwambia Nzau mtoto anaweza kuendelea, yeye hapana. Nzau alikaa Maungu juu ya jiwe mpaka mazishi yakaisha. Hajaliona kaburi la mkewe hadi leo.

"Nimezungumza na Mumbe," alisema Elsie. "Anasema baba yake anajua kuhusu Jumamosi. Ameuliza swali moja tu. Ameuliza kama baada ya filamu hiyo ataweza kwenda."

Nilijitia kutojali, lakini siku iliyofuata nilikwenda Birikani. Nilichukua jiko langu lililotoboka, kwa maana niliambiwa Nzau siku hizi ni fundi wa majiko. Nilimkuta chini ya bati lake akigonga mkebe. Alikuwa mrefu bado, ila amepinda kidogo, kama mtu aliyezoea dari fupi.

"Karibu, karibu. Wewe ni mkeni hapa?" alisema. "Kaa. Mkuu huu unanisumbua, siwezi kusimama haraka."

Mguu. Mgeni. Niliketi nikatega sikio. Akachukua jiko langu akaligeuza.

"Hili limepikwa na kari?"

"Gari?"

"Ee, kari. Limebondeka hivi."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Kumbe Kiswahili chake hakina ga. Wakamba wengi wa zamani wako hivyo, lugha yao haina herufi hiyo peke yake, na ulimi hutafuta iliyo karibu. Kila ga kwake ilikuwa ka. Nikamwambia mimi ni wa Rukanga, na nyundo ikasimama hewani.

"Wa nani?"

Nikamtajia baba yangu. Akatikisa kichwa polepole. "Alikuwa mtu mzuri. Tulikuwa pamoja shifti ya asubuhi."

"Mzee, nitakuuliza bila kuzunguka. Ulisema nini siku ile?"

Hakukasirika. Nadhani alikuwa amechoka kukasirika. "Nilisema tusikome," alisema. "Nimesema hivyo miaka yote. Tusikome. Tusiache. Niliwaambia watu wasiache."

Nilirudi mjini kichwa kinaniwaka moto. Nilimweleza Elsie: mzee ni mwongo tena mwongo mwerevu. Anasema alisema tusikome, maana yake tusiache. Lakini mtu yule anaita gari kari. Akisema tusikome, ni tusigome hiyo hiyo katika mdomo wake! Na hata tukimwamini, kwenye kanda hakusema tusikome. Alisema tusigome, na ga yake ni safi kuliko yangu.

Elsie aliacha kutafuna. "Ngoja. Hebu sema tena."

"Nini?"

"Umesema hawezi kusema ga."

"Hawezi."

"Basi hiyo ga ya kwenye kanda aliitoa wapi?"

Swali hilo lilinilaza chali usiku mzima. Mtu ambaye katika nusu saa hakunitolea ga hata moja, alisimama juu ya pipa akaitoa ikiwa na mwili wake wote. Ilikuwa kama kumwona mtu asiyejua kuogelea akiwa katikati ya mto.

Alhamisi tulikwenda wote wawili, safari hii na kamera. Mumbe alikuwa amefunga cherehani yake mapema ili awepo. Ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye macho ya kupima watu kama kitambaa. Alimvalisha baba yake koti, akamfunga kifungo cha juu.

"Ninaonekana aje?" aliuliza Nzau.

"Kama chifu aliyestaafu," alisema Mumbe.

"Mkeni wetu amekuja tena na masikio yake," alisema akinitazama, na wote tukacheka. Elsie akawasha kamera. Taa nyekundu ikawaka. Mzee akajinyoosha, akameza mate, akaweka mikono juu ya magoti.

"Jina langu ni Nzau," alianza. "Nilifanya gazi gwa gampuni miaga gumi na moja."

Elsie alinitazama. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Gazi iliguwa ngumu. Gila sigu tuliingia asubuhi, tugatoga jioni. Rafigi yangu aliguwa Festus."

Nilisimama. Sikukusudia kusimama, miguu ilisimama yenyewe. Mumbe alikuwa ameinamisha kichwa anatabasamu kwa huzuni, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

"Mumbe," nilinong'ona, "kwa nini anaongea hivyo?"

"Akiwa mbele ya watu ndivyo anavyokuwa. Kwa daktari, kwa chifu, kanisani. Nilipokuwa darasa la kwanza alinipeleka shule akamwambia mwalimu, huyu ni mtoto wangu wa gwanza. Nilitamani ardhi inimeze."

"Lakini nyumbani—"

"Nyumbani ni kari na kunia. Muulize habari ya kunia."

Elsie akazima kamera, na ilipozimwa tu, mzee akalegea, akarudi kuwa yule wa nyundo. Akatueleza mwenyewe, akicheka, ingawa kicheko hakikumfika machoni. Alipofika Kichakani mara ya kwanza alitumwa kubeba mawe kwa magunia. Jioni msimamizi aliuliza kila mtu amefikisha ngapi. Nzau akajibu kwa sauti: "Kunia tano!" Mashimo mazima yaliangua kicheko. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi, kuna aliyemuuliza: "Nzau, leo utakunya ngapi?" Walimuuliza hata siku ya harusi yake. Obadiah ndiye aliyemuuliza, mbele ya mchungaji.

"Basi nikajifundisha," alisema. "Nikajiambia, wewe Nzau, mbele ya watu, weka nguvu kwa ulimi. Usiseme vile unasema nyumbani. Weka nguvu."

Alikuwa ameweka nguvu kila mahali. Alijua kuna herufi anayoikosea, lakini hakujua inakaa wapi, kwa hiyo mbele ya watu aliipanda shamba zima.

Hatukusubiri chai. Tulirudi mbio, nikavaa hedifoni nikafungua ile kanda. Yule kijana akapanda juu ya pipa. Nilifumba macho.

*Gampuni ni gubwa. Gazi ni ya gwetu. Gaburi pia ni la gwetu. Mimi nasema gitu gimoja tu.*

Nilivua hedifoni nikaiweka mezani taratibu. Nilitazama maandishi yangu, yale niliyoyachapa siku chache kabla kwa kujiamini kote: *Kampuni ni kubwa. Kazi ni ya kwetu.* Nilikuwa nimemsahihisha. Neno baada ya neno sikio langu lilimnyoosha bila kuniuliza, kwa sababu hakuna gampuni wala gaburi katika Kiswahili, na nilipofika tusigome nikaliacha lilivyo kwa kuwa hilo lipo. Makosa manane nilimsamehe bila kujua, la tisa nikamhukumu nalo. Na watu mia mbili waliosimama juani siku ile walifanya vivyo hivyo. Labda wao walikuwa na sababu zaidi. Ilikuwa wiki ya saba, watoto wana njaa, na kila mmoja alikuwa anangoja mtu mwenye heshima amwambie unaweza kurudi. Ile ga waliihitaji.

"Mbona hakujitetea?" nilimuuliza Elsie, ingawa jibu nilikuwa nimeanza kulihisi.

Mumbe alitupa jibu kwa simu. Alijitetea. Kamati ilimwita, watu kumi na wawili mezani, Obadiah katikati. Nzau akasimama mbele yao, akaweka nguvu kwa ulimi, akasema: mimi nilisema tusigome! Wakamwambia ndiyo, tulikusikia. Akasema hapana, hamgunielewa, nilisema tusigome! Mama yake alimsimulia Mumbe kwamba kadiri walivyomkana ndivyo alivyozidi kupaza sauti, na kila alipopaza sauti ndivyo alivyozidi kujikaanga. Usiku huo ua wa shamba lake uling'olewa.

Ijumaa tulimletea kompyuta pale chini ya bati. Nilitaka asikie mwenyewe. Alijiona akiwa kijana juu ya pipa na akasogea karibu mpaka pua ikaribie kioo. Tusigome, ilisema sauti. Nikairudia mara mbili.

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia." Uso wake ulikuwa umefunguka. "Si niliwaambia? Hapo nasema wazi kabisa. Tusikome!"

Mumbe aliondoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Miaka ishirini na sita, na masikio ya mzee bado yalimpa neno alilokusudia, si lililotoka. Hakuwahi kujua kwa nini wenzake walimchukia. Aliamini walikuwa wamemsikia vizuri wakaamua kumgeuka.

Njiani Elsie alisema, "Tunabadilisha. Andika tusikome."

"Hapana."

"Lewis, usilete kiburi chako sasa."

"Nikiandika tusikome watasema nimenunuliwa. Wataisikia ga kwa masikio yao na kusoma ka kwa macho yao. Obadiah atavunja kompyuta yako kwa fimbo."

"Kwa hiyo?"

"Obadiah aliniambia nini? Herufi kwa herufi. Nisimwongezee, nisimpunguzie."

Alinielewa polepole. Kisha akanipiga ngumi ya bega, si ya utani sana.

Jumamosi mchana ukumbi wa kanisa Rukanga ulijaa hadi watu wakakaa madirishani, nao walifukuzwa ili tutundike mablanketi kuzuia mwanga. Mumbe alikuja peke yake akaketi safu ya nyuma. Baba yake alikuwa amepanda gari naye hadi Maungu, akashuka pale pale, akakaa juu ya jiwe lile lile. Alimwambia mwanawe kwamba yeye atangoja huko habari zimfikie.

Filamu ikaanza. Watu waliwaona vijana wao wa zamani, wakaitana majina. "Huyo ni wewe, Maxwell! Ulikuwa na nywele!" Walipoonyeshwa Festus kwenye picha ya kitambulisho, wanaume walivua kofia. Likaja lile pipa. Nzau akapanda, na sauti ya kuzomea ikatoka pande zote kama upepo.

Maandishi yakatokea chini, makubwa, meupe: *Gampuni ni gubwa.*

Mtu mmoja alicheka. Halafu wengine. "Kampuni!" alipaza mzee mmoja wa mbele, kwa furaha ya kumpata tena mtu wake wa kumcheka. "Nzau na gampuni yake!"

*Gazi ni ya gwetu.*

"Kazi!" wakaitikia kumi kwa pamoja.

*Gaburi pia ni la gwetu.*

"Kaburi!" Sasa ulikuwa ukumbi mzima, wazee kwa watoto, wakisahihisha kama darasa. Wengine walipigapiga viti. Bila shaka kuna aliyekumbuka kunia, maana kule pembeni wanawake wawili walikuwa wameshikana kwa kucheka.

*Mimi nasema gitu gimoja tu.*

"Kitu kimoja!"

*Tusigome!*

"Tusikome!" uliitikia ukumbi.

Halafu vicheko vikakatika. Kwenye ukuta yule kijana alikuwa bado ameinua mkono, maua ya waridi yakimzunguka, na watu wake wakigeukiana kama tulivyokuwa tukigeukiana sisi. Mtoto mmoja aliyekuwa hajui kitu alirudia peke yake, kwa sauti nyembamba, "Tusikome!" na mama yake akamziba mdomo.

Elsie alisimamisha picha. Mzee Obadiah alikuwa safu ya kwanza. Niliona mgongo wake tu.

"Rudisha," alisema.

Tukarudisha. Safari hii hakuna aliyecheka wala kuitikia. Gampuni. Gazi. Gaburi. Tusigome.

"Tena."

Mara ya tatu alisimama kabla halijafika lile neno. Aligeuka. Alinitafuta mimi kwanza, na nilijiandaa kwa fimbo.

"Ulisema utaandika herufi kwa herufi," aliniambia.

"Ndivyo nilivyoandika, mzee."

"Ee." Midomo yake ilikuwa inafanya kazi bila sauti. Nilijua inachofanya: inazipima zile herufi mbili, moja baada ya nyingine. Akatazama nyuma, juu ya vichwa vyote, hadi kwa Mumbe. "Baba yako yuko wapi?"

"Maungu, mjomba."

"Maungu wapi?"

"Unapajua," alisema Mumbe.

Mzee akauliza nani ana gari, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaelekea mlangoni. Tulikwenda kwa pikapu aliyoazima Elsie, Elsie, mzee na Mumbe mbele, mimi nyuma na kamera ambayo Elsie alisema nisithubutu kuiwasha. Vumbi jekundu lilinijaza masikio. Elsie aliniambia baadaye kwamba njia nzima Obadiah aliuliza kitu kimoja tu, kama kule mbele ni mbali bado, barabara ambayo ameipita maisha yake yote.

Nzau alituona kutoka mbali akasimama. Alikuwa na lile koti, kifungo cha juu kimefungwa. Obadiah aliposhuka, mwenzake alirudi nyuma hatua moja, nikaona anameza mate, anajinyoosha, anaweka nguvu kwa ulimi. Alikuwa anajiandaa kusema maneno yale yale kwa mara nyingine, mbele ya mtu yule yule, na yangetoka vile vile.

Obadiah hakumpa nafasi. Alisimama akamtazama kutoka viatuni hadi kichwani. Nilingoja aombe msamaha, na nadhani hata yeye alikuwa anautafuta, maana alifungua mdomo mara mbili. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea pikapu.

"Nzau," alisema, akakohoa. "Panda kari. Twende kwa Teresia."

Malori yalikuwa yanapita barabarani kwenda Mombasa. Nzau alifungua kile kifungo cha juu.

"Gari, Obadiah," alisema. "Huitwa gari."

Akapanda nyuma, akaketi karibu nami kwenye vumbi.